Firigisi ya Meya

Siku hizi Kenya hatuna mameya. Sheria ilibadilika, vyeo vikapewa majina marefu, na mtu anayesimamia mji wetu ana cheo kirefu ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka mwisho. Sisi tunamwita Meya, na yeye anapenda kuitwa hivyo. Mji wenyewe sitautaja. Uko upande wa Bungoma, na nikisema zaidi ya hapo atatokea mtu aseme namharibia ndugu yake jina. Watu wa Kitale, ambako ninaishi na kushona nguo, watasoma haya waseme mambo kama hayo hufanyika Bungoma tu. Wa Bungoma nao watasema huo lazima uwe mji wa huko Kitale. Wacha wabishane.

Meya wetu alianza na soko. Akina mama waliambiwa wahame kwa muda mfupi ili wajengewe soko la kisasa, lenye paa, vyoo na milango ya chuma. Wakahamia kando ya barabara. Mabati yakazungushwa pale soko lilipokuwa, na nyuma ya mabati hakukujengwa kitu kwa muda mrefu, hata nyasi zikaota, mtu akawa anaingia kuzikata za kulishia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wa nani, kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema kiwanja kimeshauzwa kwa shemeji yake. Wengine walisema mawe ya soko yalionekana yakishushwa kwa nyumba fulani njia ya Webuye. Mimi niliamini yote mawili.

Kisha wachunguzi walikuja kutoka Nairobi, wakabeba makaratasi, wakambeba na yeye. Haikupita wiki akarudi amesimama juu ya gari, anapunga mkono, na watu walewale waliokuwa wakimwita mwizi wakatoka mbio kumpokea. Niliona video yake kwa simu nikiwa kazini. Kati ya waliokuwa wakicheza mbele ya gari alikuwamo fundi wa viatu ambaye kibanda chake kilibomolewa na huyuhuyu Meya. Nilikasirika hata nikajidunga sindano.

Lakini msidhani walimpenda. Aliwahi kupeleka viti vya plastiki kanisani kwetu, kila kimoja jina lake limepakwa rangi nyuma. Viti vilipokelewa kwa nderemo. Baada ya muda jina likaanza kuchubuka, kiti kimoja baada ya kingine, na hakuna mtu aliyewahi kuonekana akikwaruza. Ndivyo mji wetu ulivyo. Tunakalia kiti na tunakwaruza jina, halafu kila mmoja anamtazama jirani yake akijiuliza kama atamchongea.

Mama yangu anauza mboga: sukuma, kunde, mrenda. Katika soko la zamani alikuwa na meza karibu na lango tangu nikiwa mtoto, na karo yangu ilitoka juu ya meza hiyo. Baba alipofariki, Mama hakukaa nyumbani sana. Alirudi kwa meza yake, na akina mama wa soko wakamchagua awe mwenyekiti wao. Yeye ndiye aliyekuwa akienda kungoja nje ya ofisi ya Meya kuuliza soko litaisha lini, na yeye ndiye aliyerudi kuwaambia wenzake wavumilie. Alitaka jambo moja tu: arudi mahali pake, na wenzake warudi mahali pao. Baridi na mvua ya barabarani vilikuwa vimemmaliza magoti, na sikuwa na hakika atahimili msimu mwingine.

Siku moja mteja wangu anayetoka mji wa nyumbani alikuja Kitale nimpime sare ya kwaya. Nikiwa nimezungusha utepe kiunoni mwake, akaniambia ati Meya alikula kwa mama yangu Jumapili. Nikauliza alikula nini. Akasema kuku. Halafu akauliza swali alilokuwa amekuja nalo.

"Na firigisi alipewa nani?"

Kwa asiyejua, kwetu kuku akichinjwa, firigisi, ile tunayoiita imondo, haiokotwi na yeyote anayeona njaa. Ni ya mwenye nyumba. Akija mgeni mkubwa, mwenye nyumba humwachia, na mgeni akiiona kwenye sahani yake anajua amepokelewa. Asipoiona, amefukuzwa ingawa bado amekaa. Nimeona posa ikivunjika kwa sababu ya kipande hicho, wazee wa upande wa bwana harusi wakiondoka bila kunawa mikono. Kwa hivyo mteja wangu hakuwa anauliza habari ya mapishi. Alikuwa anauliza kama mama yangu amewauza wenzake.

Nikasema sijui. Akasema, kwa sauti ya kunihurumia, lisemwalo lipo. Nikavuta utepe zaidi ya ilivyohitajika, na sketi hiyo ninasikia inambana mpaka leo.

Alipoondoka nilimpigia Mama simu. Akakiri kwamba Meya alikuja. Nikauliza alikuja kufanya nini, akasema kula. Nikauliza kuhusu firigisi. Akaniuliza kama sare za kwaya zimekwisha, halafu simu ikakatika. Mama hajawahi kukatikiwa na simu katika maisha yake, ila tu pale asipotaka kujibu.

Kesho yake nilifunga duka nikaenda nyumbani. Nilipofika stejini, kijana wa bodaboda aliyenijua alinisalimia kwa kicheko. "Niaje, madam. Si nyinyi mmeomoka sasa, bana." Yaani tumetajirika. Nilitembea kando ya barabara walipokuwa wakiuzia akina mama, na maongezi yakawa yanazimika mbele yangu na kuwaka tena nyuma yangu. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye hajawahi kuniacha nipite bila kunitilia mbili tatu mkobani, siku hiyo alikuwa amepata kazi kubwa ya kupanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mama alinieleza yaliyotokea huku akichambua kunde, hanitazami. Meya alikuja baada ya kanisa, bila taarifa, pamoja na dereva na mtu wa kumshikia simu. Alikaa sebuleni akasema soko litamalizwa upesi, na kwamba nafasi ya kona, hapo hapo langoni, yenye mlango wa chuma, ni ya Mama. Yeye alitaka kitu kidogo. Wale wachunguzi walikuwa wanarudi kusikiliza watu wa soko, na Mama angewaambia wenzake hakuna haja ya kwenda. Mama alimjibu kwamba mtu haongei mambo makubwa na tumbo tupu, angoje ale kwanza. Kwetu hata adui haondoki na njaa. Kuku akachinjwa.

Aliyempika hakuwa Mama. Alikuwa jirani yetu, ambaye soko zima linamwita Mama Viazi. Watu wao walitoka upande wa kati wa nchi zamani wakanunua mashamba huko Kiminini, na yeye alikuja mji wetu akiwa msichana kuuza viazi, akapanga nyumba uani kwetu, hakuondoka tena. Mama alisema, kama mtu anayesoma tangazo la kanisa, kwamba kwa kuwa Mama Viazi si wa kwetu, aliikata firigisi vipande vipande akaichanganya na mchuzi.

Meya alizungusha kijiko kwenye sahani. Akainua paja, akaangalia chini yake. Akainua kifua. Mwishowe akacheka na kuuliza kama huyu kuku alikuwa mgonjwa, maana anaona amekosa kitu. Mama Viazi alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Akaomba msamaha, akasema yeye ndiye aliyeikatakata, na kwamba kwao hawajui mambo hayo. Meya akasema hakuna shida, mama, hakuna shida kabisa. Halafu akakumbuka kwamba anangojwa Cheptais, akaondoka ugali ukiwa bado unatoa moshi. Hakungoja hata kusikia jibu la Mama kuhusu wachunguzi.

"Kwa hivyo hukumnyima," nikasema.

"Nimekwambia ilikatwa."

"Na hukumpa."

"Mukhana, nipe hilo karai."

Akianza kuniita mukhana, yaani binti, mazungumzo yamekwisha. Nilimpa karai. Nilikuwa namjua mama yangu, na nilijua uso anaouvaa akimwambia mteja kwamba sukuma ni ya asubuhi hii.

Siku iliyofuata akina mama wa soko walikutana nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, na mimi nikaenda nikasimama pembeni. Muuza omena, mwanamke mwenye mdomo ambao hata Meya anauogopa, alisimama mbele ya Mama. "Kama ulimpa filigisi, sema ulimpa. Kama ulimnyima, sema ulimnyima tukushike mkono. Lakini hii ya ati ilikatwa, hapana." Wengine wakaguna. Mmoja akasema amesikia Meya alikula firigisi mbili, na nikataka kumuuliza ni kuku gani huyo, lakini hapakuwa na nafasi ya mzaha.

Mama Viazi ndiye aliyesimama. Akasema kosa ni lake, ni yeye alishika kisu, na kama kuna mtu wa kugombeza wamgombeze yeye. Alisema kwa unyonge, kichwa chini. Kicheko kikaanza upande mmoja kikasambaa. Mtu wa huko, atajuaje mambo ya kuku? Hilo kila mmoja aliweza kuliamini bila kujikaza, na hata mimi nililiamini. Wakakubaliana kwamba Mama abaki mwenyekiti, na kwamba wataenda wote kwa wachunguzi.

Mimi sikuridhika. Nilimwambia Mama jioni hiyo, tukiosha vyombo, kwamba amepata njia nzuri ya kukaa pande zote mbili. Meya hawezi kusema amefukuzwa, na wamama hawawezi kusema amekaribishwa. Nafasi ya kona bado iko, na uenyekiti bado uko. Nilimwambia hiyo ni akili ya Meya mwenyewe, na baba hangeweza kuifanya. Niliona mkono wake ukisimama juu ya sufuria. Kisha akaendelea kusugua, na asubuhi nikarudi Kitale na hasira yangu.

Wachunguzi walikuja kweli. Akina mama wakaenda, Mama akiwa mbele. Mji ulikaa ukipima nani amekaa ndani kwa muda gani. Kuhusu Mama, wengine walisema alikaa sana, kwa hivyo alikuwa anauza siri za wenzake. Wengine walisema alitoka upesi mno, kwa hivyo hakusema kitu. Nilisikia maneno yote haya kutoka kwa wateja, na aibu yake ni kwamba sikumtetea. Nilikuwa nangoja nione nafasi ya kona itaenda kwa nani. Niliona hapo ndipo ukweli utatoka.

Uchaguzi ulipoanza kunukia, mabati yaliondolewa ghafla, na soko lililokuwa limeshindikana likamalizwa haraka. Siku ya kugawa nafasi, watu waliitwa mmoja mmoja kwa kipaza sauti langoni. Muuza omena aliitwa. Muuza ndizi aliitwa. Mama alisimama na wenzake tangu asubuhi hadi kipaza sauti kikazimwa, na jina lake halikuitwa. Nafasi ya kona, yenye mlango wa chuma, ilipewa Mama Viazi.

Habari hiyo nililetewa na yule yule mteja wa kwaya. Alisema tu, "Nilikwambia," ingawa hakuwa ameniambia chochote cha namna hiyo. Lakini wakati huo sikuona kasoro katika maneno yake. Kila kitu kilijipanga kichwani mwangu. Anaishi uani kwetu. Anakula kwetu. Yeye ndiye alipika, yeye ndiye aliyesimama mlangoni na birika, yeye ndiye aliyeomba msamaha kwa upole ule. Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe Meya hakuwa amekuja kwa Mama peke yake.

Nilienda moja kwa moja sokoni, hata nyumbani sikupita. Nilimkuta ameinama anachagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Upande mmoja wa nafasi ile ulikuwa umejaa magunia. Upande wa pili ulikuwa umefagiwa, umetandikwa gunia safi, na haukuwa na kitu. Niliona hata huo utupu kuwa ni ulafi, kwamba amepewa nafasi kubwa kuliko mali yake.

Nilimwambia yote. Nilimwambia na yale maneno ambayo watu wa kwetu huwaambia watu wa kwao wakikasirika, maneno ya nani alikuja na nani alikutwa, ambayo nilikuwa nimeapa sitawahi kuyatamka. Watu walisimama kusikiliza. Alinyoosha mgongo, akajifuta mikono kwa leso, akangoja nimalize.

"Umemaliza? Keti kwa hicho kiti."

Sikuketi.

"Baba yako akiwa hai," akasema, "mama yako akichelewa soko, kuku kwenu alikuwa anapikwa na nani?"

Nilikumbuka nikitoka shuleni nikiwa na sare, na yeye yuko jikoni kwetu, anapakua. Nilikumbuka sahani ya baba, na firigisi ikiwekwa juu kabisa, katikati, mahali ambapo macho yataiona kwanza. Mkono ulioiweka ulikuwa wake.

"Sasa mimi ndio sijui mambo ya firigisi?" Hakupandisha sauti. "Huyo kuku wa Meya mama yako alimfungua mwenyewe. Aliponiletea, firigisi haikuwa ndani. Akaniambia, akiuliza, sema ni wewe. Ati huyu hatakasirikia mtu anayemwona mjinga. Nikasema sawa. Meya akaamini. Wamama wakaamini. Na wewe umekulia mikononi mwangu, ukaamini."

Niliketi. Akaniambia kwamba siku ya kugawa nafasi, mshika simu wa Meya alimwita kando akamwambia mkubwa amemkumbuka kwa heshima yake, si kama wengine. Akasema alielewa papo hapo. Mama angekuwa nje anaangalia mpangaji wake akipewa mahali alipoahidiwa yeye.

"Alinipa ndio tupigane na mama yako. Tukakataa. Sasa wewe umetoka mpaka Kitale kuja kumfanyia kazi yake." Akaonyesha kwa kidole upande uliofagiwa. "Hapo ni pa mama yako. Anahamia siku ya soko."

Niliomba msamaha mbele ya wale waliokuwa wamesimama, na nikaona baadhi yao wakiangaliana, maana tayari walikuwa na maelezo mapya: kumbe hawa watatu walipanga na Meya tangu mwanzo. Mji wetu hauna dawa. Mama Viazi alinipa ndoo ya viazi nibebe, akafunga mlango wa chuma, tukaenda nyumbani pamoja.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba ananyonyoa kuku. Alitutazama tukija, mimi na macho yangu mekundu, akaelewa bila kuambiwa. Nilichuchumaa karibu naye nikamuuliza firigisi ya siku ile ilienda wapi.

"Niliila."

"Lini?"

"Nikiwa jikoni. Yeye alikuwa sebuleni anaongea kwa simu. Niliichoma kwa makaa, nikatia chumvi." Aliendelea kunyonyoa. "Ilikuwa ngumu kidogo. Yule jogoo alikuwa mzee."

Nilifikiria bibi yangu, aliyewapikia wanaume kuku maisha yake yote akafa bila kuonja, maana enzi zake mwanamke hakuruhusiwa hata bawa. Nilimuuliza Mama kwa nini hakuwaambia wenzake pale kwenye kinu. Wangembeba juu.

"Wangenibeba asubuhi, na jioni mmoja angeenda kumwambia. Wewe unawajua." Halafu akaacha kunyonyoa, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu maneno haya yaanze. "Ulisema baba yako hangefanya hivyo. Ni kweli. Baba yako angempa, ndio aonekane ni mtu. Lakini baba yako hayupo. Mwenye hii nyumba ni nani?"

Hakungoja jibu. Alimfungua kuku, akaipasua firigisi, akaimenya ile ngozi ya manjano ya ndani kwa kucha, akaiosha mara mbili.

Tulikula watatu, mlango ukiwa wazi, na yeyote aliyepita njiani aliweza kuona. Mama alipakua. Firigisi aliiweka juu ya sahani yake mwenyewe, katikati. Akachukua kisu, akaikata nusu, na nusu moja akaisukuma kwenye sahani ya Mama Viazi, ambaye aliipokea bila kushukuru, kama mtu anayepokea kilicho chake. Niliinua sahani yangu kidogo, nikangoja.

Mimi nikapewa shingo.